Utakatifu Ugenini: Neno la Jumapili kutoka kwa Wazee wa Kanisa

Masomo: Mambo ya Walawi 19:1–18 na 33–37, 1 Petro 1:1–2 na 13–19, Luka 19:1–10



Neno la Jumapili hii halikuandikwa na mchungaji peke yake kama ilivyo kawaida. Tumeliandika wazee wa kanisa pamoja naye, tukiwa tumekaa mezani Jumatano mbili mfululizo, wengine wetu tukitoka kazini na wengine tukijiandaa kwenda shifti ya usiku. Tuliona tuandike pamoja kwa sababu jambo lenyewe linatuhusu pamoja. Mkisoma hadi mwisho mtaelewa.

Tuanze na watoto. Majuma machache yaliyopita mwalimu wa shule ya Jumapili aliwaomba wachore mtu mtakatifu. Wengi walichora mtu mwenye duara la mwanga kichwani, wawili walimchora mchungaji akiwa na joho lake (mchungaji alifurahi, hakuficha). Mtoto mmoja wa miaka kumi na mmoja akachora mama mwenye sketi ndefu na kitambaa kichwani, amekunja uso, amesimama peke yake. Mwalimu akamuuliza, "Huyu ni nani?" Akasema, "Ni mtu mtakatifu. Haruhusiwi." Haruhusiwi nini? Mtoto akafikiri, akajibu, "Haruhusiwi tu."

Tulicheka tuliposimuliwa. Baadaye kicheko kikatuisha, maana mtoto huyo hajasoma vitabu vya teolojia. Alichokichora amekipata kwetu. Amezaliwa hapa Marekani, Kiswahili chake anakitoa nyumbani na kanisani, na neno "mtakatifu" analisikia mahali pawili tu: tunapoimba, na tunapomwambia dada yake asitoke nyumbani amevaa vile.

Basi tulirudi kwenye Maandiko kuuliza upya. Mungu anapotuita tuwe watakatifu, anataka nini hasa?

Lugha yetu yenyewe inatusaidia, ila inatusaidia nusu. Neno "takatifu" linatokana na kutakata. Nguo iliyofuliwa vizuri ikaanikwa juani tunasema imetakata. Kwa hiyo Mswahili akisikia utakatifu, akili yake inakwenda kwanza kwenye usafi: doa, sabuni, maji, kuogopa kuchafuka. Si vibaya, Biblia nayo inasema habari za kuoshwa. Lakini neno la Kiebrania lililo nyuma yake, kadoshi, linaanzia pengine. Linahusu kutengwa kuwa mali ya Mungu. Chombo cha hekalu kilikuwa kitakatifu kwa sababu kilikuwa cha Bwana, hata kama kilikuwa bakuli la kawaida lililofanana na bakuli la jirani. Waswahili tunalo neno jingine linalokaribia hapo, wakfu. Kitu kikiwekwa wakfu hakiuliziwi tena bei, hakirudi sokoni, kina mwenyewe.

Tofauti hii inabadili mambo. Anayedhani utakatifu ni kutokuwa na doa atatumia maisha yake kukwepa watu, maana watu ndio wanaochafua. Anayejua kwamba utakatifu ni kuwa na mwenyewe atajiuliza swali lingine: huyu aliyenimiliki ni wa namna gani, na mali yake inatakiwa ifanye kazi gani?

Ndiyo maana Paulo aliweza kuwaandikia Wakorintho na kuwaita watakatifu katika mistari ya kwanza kabisa ya barua (1 Wakorintho 1:2). Mnawajua Wakorintho. Walikuwa na makundi, walishitakiana mahakamani, walifika kwenye Meza ya Bwana wengine wamelewa na wengine wana njaa. Paulo hakusubiri wanyooke ndipo awape jina hilo. Jina lilitangulia kwa sababu Kristo alikwisha kuwalipia, na kisha katika sura kumi na sita anawakemea kwa sababu hawaishi kama watu wa mwenye jina. Neema ilitangulia, makemeo yakafuata. Tukigeuza utaratibu huo tunapata yule mama wa kwenye mchoro.

Sasa tufungue Mambo ya Walawi 19. Tunajua wengi wetu hukiruka kitabu hiki tunapofuata ratiba ya kusoma Biblia kwa mwaka, tunakwama Februari. Lakini sura hii ni moyo wa jambo, na Petro alirejea wito wake alipowaandikia Wakristo wa kwanza.

Angalieni kwanza nani anaambiwa. Mstari wa 2 unasema Musa azungumze na kusanyiko lote la Israeli. Makuhani wana sura yao, ya 21, yenye masharti ya kazi yao. Hii ya 19 ni ya kila mtu: mkulima, mama wa nyumbani, mfanyabiashara, kijana. Mungu anawataka wote wawe watakatifu kwa sababu Yeye ni mtakatifu, halafu anaendelea kuwaeleza maana yake. Kama tusingekuwa tumeisoma, tungetegemea kinachofuata kiwe habari za maombi, kufunga na mavazi. Sabato ipo, na sanamu zinakatazwa. Lakini kilichojaa sura hiyo ni mambo ya shambani, ya sokoni, ya mahakamani na ya jirani.

Mwenye shamba asivune hadi pembeni, wala asirudi kuokota yaliyodondoka. Hayo ni ya maskini na mgeni. Mwenye kibarua asilaze ujira wake hadi asubuhi. Mwamuzi asimpendelee tajiri, wala asimpendelee maskini kwa huruma. Asiwepo mtu wa kupita huku na huku na umbea. Anayemchukia ndugu yake moyoni aache kunyamaza, amwambie. Kijana asimame mbele ya mwenye mvi. Mizani iwe ya haki. Na mara kwa mara, baada ya amri moja au mbili, Mungu anakumbusha kuwa Yeye ndiye Bwana, kama mtu anayegonga mhuri kwenye kila karatasi.

Tusiwafiche: sura hiyo hiyo inakataza nguo ya nyuzi za aina mbili, na ina maneno juu ya ndevu na chanjo za mwilini. Kama tungeshika mstari wa 19 jinsi ulivyo, suti nyingi za wanakwaya wetu zingebaki nyumbani. Kanisa tangu zamani limefundisha kwamba baadhi ya amri zile zilikuwa alama za Israeli kwa wakati wake, na kwamba Kristo ametimiza yaliyokuwa kivuli. Sawa. Ila jambo moja limetushangaza. Sisi tumekuwa tukichagua kinyume. Yaliyo ya nguo na mwili tumeyakazania, na yaliyo ya ujira, mizani na jirani tumeyapitia haraka, wakati Bwana Yesu alipoulizwa amri kuu ya pili alikwenda moja kwa moja kuichukua kwenye sura hii, mstari wa 18.

Tuseme sasa habari ya mgeni, maana hapo ndipo tulipo. Mstari wa 33 na wa 34 zinaagiza kwamba mgeni akaaye katika nchi asionewe, awe kama mzaliwa, apendwe kama mtu anavyojipenda. Tukisoma mistari hiyo tunatikisa vichwa, tunasema ameni kubwa, kwa sababu tunajiona sisi ndani yake. Na ni haki kujiona. Wako kati yetu waliokaa kambi ya Nyarugusu kule Kasulu miaka mingi kuliko wanayoikumbuka nyumbani Kivu, waliokimbia Bujumbura usiku, waliokuja kwa ndege na begi moja. Wengine tulikuja kwa masomo na kwa kazi kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Mombasa, tukadhani tunarudi baada ya miaka miwili.

Mungu hajawahi kusubiri watu wake warudi nyumbani ndipo awaite kwenye utakatifu. Musa alikuwa Midiani, nchi isiyo yake. Alikuwa amempa mwanawe wa kwanza jina Gershomu kwa sababu alijiona mgeni ugenini (Kutoka 2:22). Siku ile hakuwa kanisani wala hakuwa amefunga. Alikuwa kazini, tena kazi ya mkwewe, akichunga kondoo wasio wake, ndipo akaambiwa avue viatu kwa sababu alipokanyaga ni mahali patakatifu. Sisi tunaoabudu katika jengo la kupanga, tunaosubiri wenzetu wa ibada ya Kiingereza watoke ili saa saba mchana tuingie, tusijidharau. Ardhi si lazima iwe yetu ili iwe ya Mungu.

Petro naye barua yake aliwaandikia watu wa namna yetu. Mstari wa kwanza unawataja wageni waliotawanyika Ponto, Galatia, Kapadokia, Asia na Bithinia, maeneo ambayo leo ni Uturuki. Watu hao ndio aliowaambia wawe watakatifu katika mwenendo wao wote. Hakusema wawe watakatifu hadi mambo yao ya makaratasi yatakapokamilika. Wala hakusema ugeni ni ruhusa.

Na hapa tuseme wazi, kwa upendo. Ugeni umekuwa kwetu ruhusa ya mambo mengi. Tunaandika kwenye karatasi ya saa za kazi kwamba tulikuwa kwa yule bibi mgonjwa hadi saa kumi, nasi tuliondoka saa nane, na tunajiambia kampuni ni tajiri na mshahara ni mdogo. Mshahara ni mdogo kweli. Lakini yule bibi alikaa masaa mawili bila mtu wa kumgeuza kitandani, na mizani ya siku hizi ni ile karatasi. Mambo ya Walawi 19:35 haisemi mizani iwe ya haki tukimpimia Mwisraeli mwenzetu tu.

Kuna na mstari wa 14: usimlaani kiziwi, wala usiweke kwazo mbele ya kipofu. Tuliusoma Jumatano ya kwanza na mmoja wetu akasema, "Kiziwi ni mama yangu." Tukamtazama. Akaeleza kwamba mama yake masikio ni mazima, lakini hasikii Kiingereza, na ameona jinsi anavyosemwa mbele yake hospitalini na madukani, wakati mwingine na wajukuu zake mwenyewe, wakijua haelewi. Tukakaa kimya. Kipofu naye ni nani, kama si ndugu aliyetoka kambini juzi, ambaye barua ikimjia kutoka ofisi fulani anaibeba mfukoni siku tano akitafuta wa kumsomea? Wengi mmewasomea bure, Mungu awabariki. Lakini tunajua pia wako wanaowatoza dola hamsini kwa kujaza fomu ambayo haina malipo, na wako waliowaambia watie sahihi mahali wasipopajua. Hao hawavai vibaya. Baadhi yao wanaimba nasi. Mungu anasema kumcha Yeye kunaonekana hapo, mahali ambapo asiyesikia na asiyeona hawezi kukushitaki.

Maana sisi si wageni tu. Tumeshakuwa na mashamba. Aliyefika miaka kumi na tano iliyopita ana nyumba, ana gari mbili, anajua ni kiwanda gani kinachukua watu, ni daktari gani anakubali bima ya serikali. Hilo ndilo shamba. Pembe zake ni za nani? Ruthu Mmoabi alifika Bethlehemu na mkwewe Naomi bila kitu, akaenda kuokota masazo nyuma ya wavunaji kwa sababu sheria hii ilikuwepo na Boazi aliifuata, tena akazidisha, akawaagiza vijana wake wadondoshe masuke makusudi. Hatukusikia kwamba Boazi alifanya muujiza wowote. Alivuna vibaya kidogo kwa makusudi. Na Mathayo 1:5 inawaweka wote wawili katika ukoo wa Bwana wetu.

Najisi inaambukiza, je, utakatifu nao unaambukiza? Nabii Hagai aliwauliza makuhani swali hilo (Hagai 2:11–14). Wakajibu kulingana na sheria: nyama takatifu iliyobebwa kwenye upindo wa vazi haifanyi chakula kingine kiwe kitakatifu, lakini aliyegusa maiti akigusa chakula, chakula kinakuwa najisi. Ndivyo tunavyoogopa hata leo. Tunawaza kwamba tukikaa na mlevi tutalewa, tukimtembelea binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa tutaonekana tunaunga mkono. Lakini tazama Yesu. Anamgusa mwenye ukoma, na ukoma ndio unaokimbia (Marko 1:40–42). Mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili anagusa vazi lake, na anayebadilika ni mwanamke. Kule Naini anashika jeneza la mwana wa mjane, jambo ambalo mwalimu mwangalifu wa sheria angelikwepa, na kijana anaketi. Kwake mkondo umegeuka, usafi ndio unaotoka na kwenda kwa mchafu. Ikiwa sisi ni mali yake na Roho wake anakaa ndani yetu, basi hofu yetu ya kuguswa na watu inatoka kwa nani?

Tumefika sasa kwenye jambo lililotuketisha mezani. Ndugu wengine mnalijua kwa sehemu, wengine mmelisikia kwa umbea. Mwenye jambo ametupa ruhusa kuliandika, ila jina lake tusilitaje.

Miaka miwili iliyopita tulipata msiba. Ndugu yetu alifariki wakati wa baridi kali, akaacha mke na watoto wanne. Mlitoa. Mliotoka shifti mlitoa, vijana walitoa, makanisa rafiki ya miji mingine yalituma. Tulilipa nyumba ya mazishi, tukalipa kaburi, tukapika siku zote za matanga. Baada ya yote zilibaki dola 1,500. Tuliziweka kwenye akaunti ya kanisa tukisema zikae kwa muda, mama apumzike kwanza, tutamkabidhi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini hatukumwambia kwamba zipo.

Pasaka ikakaribia, spika zetu zikaharibika. Tukakaa kikao. Mmoja akakumbusha kuna salio. Mwingine akasema fedha zilipitia kanisani, kwa hiyo ni za kanisa. Wote tukainua mikono. Tukanunua spika mbili na mashine ya kuchanganya sauti, tukaziombea, na Pasaka ile kwaya ilisikika hadi maegesho ya magari. Wako waliosema Roho alishuka.

Mama alikuja kujua mwaka huu, kwa njia ya mwanawe anayesaidia mitambo. Kijana aliona risiti kwenye sanduku la mashine, na nyuma yake imeandikwa kwa kalamu "salio la msiba". Mama hakupiga kelele. Hakuhama kanisa. Jumamosi aliendelea kuja na ndoo yake kusafisha vyoo, kazi ambayo hakuna aliyempangia. Tulichoona ni kwamba Meza ya Bwana ikiandaliwa anabaki kwenye kiti chake. Mara ya kwanza tukadhani anaumwa. Mara ya tatu mama mchungaji akamwendea nyumbani. Akajibiwa hivi: "Ninyi ni wazee wangu, siwezi kuwasemea mbovu. Ila spika ile ikilia, namsikia mume wangu."

Tukaulizana kwa nini hakutuambia, na wengine wetu tuliudhika, tukasema angekuja kwetu kwanza. Baadaye tukaona aibu. Mstari wa 17 unamtaka aliyekosewa aseme, ni kweli, lakini sisi ndio tulioshika mfuko, na sisi ndio tuliomfanya awe kiziwi wa kikao kile. Jambo lililotuuma zaidi tulilikuta kwenye daftari la mahubiri. Miezi ile ile tuliyonunua spika, tulihubiri Jumapili tatu juu ya suruali na hereni za wasichana. Tulitumia spika hizo hizo.

Hatusemi mavazi si kitu. Heshima ya mwili ni sehemu ya ushuhuda, na wazazi muendelee kuwaongoza watoto. Tunasema kwamba tulikuwa tunachuja mbu kwenye kikombe cha mabinti zetu huku tumemeza ujira wa mjane, na ujira ule haukulala hadi asubuhi tu, ulilala miaka miwili.

Tufanyeje basi? Toba ya machozi tunaijua. Mambo ya Walawi 6:1–7 inaeleza toba ya namna nyingine: aliyeshika kitu cha jirani kwa hila au kwa dhuluma akirudishe kamili, aongeze sehemu ya tano juu yake, ampe mwenyewe siku ile ile, na baada ya hapo ndipo alete dhabihu kwa Bwana. Angalieni utaratibu: jirani kwanza, madhabahu baadaye. Bwana Yesu naye alisema aliyeleta sadaka akikumbuka ndugu yake ana neno juu yake aiache pale pale, akapatane kwanza (Mathayo 5:23–24). Na Zakayo, bila hata kuhubiriwa kwa muda mrefu, alisimama mezani akataja hesabu: nusu kwa maskini, na aliyemdhulumu atalipwa mara nne. Yesu alipotangaza kwamba wokovu umefika nyumbani mle, ilikuwa ni baada ya hesabu hiyo kutajwa.

Baadhi yenu mna bibi na babu waliokuwa Balokole, watu wa ule Uamsho ulioanza miaka ya 1930 kule Gahini, Rwanda, baada ya Simeon Nsibambi na daktari Joe Church kuomba pamoja kilimani Namirembe mwaka 1929. Ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na Kongo. Wengi tunaukumbuka kwa wimbo wake wa Kiganda tunaoushangilia hadi leo. Wazee wetu waliuona kwa jambo jingine pia: watu waliookoka walirudisha vitu. Walikwenda kwa waliowaibia, kwa waliowadai, wakakiri mbele ya kanisa wakitaja jambo kwa jina lake. Nao walikuwa na makosa yao, na kuna mahali walifika kupimana wokovu kwa nguo na kwa nywele kama sisi. Lakini kwenye kurudisha, walitupita.

Kwa hiyo tumefanya hesabu. Dola 1,500, na sehemu ya tano yake 300, jumla 1,800. Tumezitoa wazee sita na mchungaji, kila mtu kutoka mfukoni mwake. Hazikutoka kwenye sadaka, kwa sababu mngekuwa mmelipa mara mbili kosa lisilo lenu. Mmoja wetu alikopa kwa mwenzake, na hilo ni kati yao. Alhamisi iliyopita tulikwenda nyumbani kwa mama, wote saba, tukavua viatu mlangoni maana theluji ilikuwa nyingi, tukamwomba msamaha mbele ya watoto wake. Tulikuwa tumeandaa maneno marefu na hatukuyatumia.

Alizihesabu. Hilo lilitushitua kidogo, halafu tukaona ni haki yake. Akatunza zote. Akasema mambo mawili. Spika zisiuzwe, vijana wanazihitaji, na mwanawe amejifunza kazi kwazo. La pili, akaomba kwamba msiba wowote ukitokea tena, hesabu isomwe mbele ya watu, na mfiwa awepo ikisomwa. Tukakubali. Meza ya Bwana hatukuigusa katika mazungumzo, hilo ni lake na Bwana.

Basi, wapendwa, Jumapili ijayo baada ya ibada msiondoke haraka. Mweka hazina atasoma hesabu za misiba yote mitatu ya miaka hii miwili, senti kwa senti, na karatasi zitakuwa mezani kwa Kiswahili na kwa Kiingereza ili vijana nao wasome. Anayetaka kuuliza aulize, hata kama swali ni gumu, hata kama aliyeulizwa ni mzee. Aliye na jambo kama hili lake mwenyewe, la saa za kazi au la fomu aliyomjazia mtu, na anataka wa kwenda naye kulirekebisha, atuone. Tutakwenda naye, maana sasa tunajua mlango wa namna hiyo unavyokuwa mzito kuugonga. Akina mama wa zamu wamesema chai na mandazi vitakuwepo. Tunatakiwa tuwe tumetoka kwenye jengo saa kumi na moja.